Kusafiri kwa Nyota



Fikiri kwamba umetoka mnadani na usiku umekuingilia njiani. Hakuna mwezi. Tochi yako imekwisha betri. Hata hivyo huna wasiwasi mkubwa, kwa sababu njia ya kurudi Kharumwa unaijua. Kuna mti mkubwa, kuna kilima, kuna daraja. Mbali unasikia mbwa wakibweka, ukajua kijiji ki karibu. Vitu hivi vyote ni alama, nazo ndizo zinazokufikisha nyumbani.

Sasa fikiri uko baharini. Nchi kavu huioni tena tangu juzi. Mbele ni maji, nyuma ni maji, kulia na kushoto ni maji. Hakuna mti, hakuna kilima, wala mbwa wa kubweka. Maji ya kunywa yaliyomo katika pipa ni ya siku chache tu. Ukikosea njia, kiu itakuua wewe na wenzako wote. Je, utajuaje uendako?

Watu wa pwani yetu walilijibu swali hili zamani sana. Walitazama juu. Katika somo hili tutajifunza jinsi walivyofanya. Halafu tutafanya mazoezi wenyewe, hapa hapa Kharumwa, ingawa bahari iko mbali nasi.

1. Upepo na mwalimu wa chombo

Kwa karne nyingi majahazi yalisafiri kati ya pwani ya Afrika Mashariki, Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Yaliendeshwa na upepo. Kuanzia Desemba mpaka Machi huvuma kaskazi. Upepo huu uliyaleta majahazi Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa. Kuanzia Aprili huvuma kusi, nao uliyarudisha kaskazini. Jahazi lililochelewa upepo lililazimika kungoja miezi mingi.

Upepo ulisukuma chombo, lakini haukusema chombo kiko wapi. Kazi hiyo ilikuwa ya mtu maalum. Waarabu walimwita mu'allim. Neno hili ndilo lililotupa sisi neno mwalimu. Basi mtu aliyejua njia ya nyota alikuwa ndiye mwalimu wa chombo. Makosa yake hayakufutwa kwa kifutio kama makosa ya ubaoni. Yaliweza kuwa kifo cha watu wote waliomo.

Mmoja wa walimu hao alikuwa Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba. Aliishi miaka ya 1400. Mnamo mwaka 1490 alimaliza kitabu kikubwa kuhusu elimu ya bahari. Ndani yake alieleza nyota, pepo, na njia za majahazi. Aliandika pia mashairi mengi ya kazi hiyo hiyo, na shairi moja lilieleza njia ya kwenda Sofala, ambayo leo iko Msumbiji. Kwa nini mashairi? Kwa sababu shairi hukaa kichwani. Usiku wa dhoruba, baharia hawezi kuwasha taa na kufungua kitabu.

2. Kibao na uzi

Nyota nyingi huchomoza mashariki na kuzama magharibi kama jua. Lakini upande wa kaskazini kuna nyota moja ambayo karibu haiondoki mahali pake. Nyota nyingine zinaizunguka, kama ng'ombe wanaozunguka mti waliofungwa. Mabaharia wa Kiarabu waliiita Jah. Sisi tunaweza kuiita Nyota ya Kaskazini.

Nyota hii ina siri moja. Ukiwa kwenye ikweta, iko chini kabisa, palepale mbingu inapokutana na maji. Ukisafiri kuelekea kaskazini inapanda kidogo kidogo. Ukifika Maskati, katika nchi ya Omani, imepanda digrii 23 na nusu hivi. Kwa hiyo, ukipima urefu wa nyota hiyo kutoka majini, utajua umefika kaskazini kiasi gani. Digrii moja ya kwenda kaskazini au kusini ni safari ya kilomita 111.

Walipimaje? Walitumia kibao kidogo cha mbao chenye uzi katikati. Kifaa hiki kiliitwa kamal. (Usichanganye na kamali, ule mchezo unaomaliza fedha za watu.) Baharia alishika uzi kwa meno. Akanyoosha kibao mbele ya jicho mpaka uzi ukakaza. Ukingo wa chini wa kibao uliguswa na mstari wa maji. Ukingo wa juu uliguswa na nyota. Uzi ulikuwa na mafundo. Baharia aliangalia ni fundo gani lililo menoni mwake. Fundo moja lilikuwa la bandari hii, na fundo jingine la bandari ile.

Tuseme nahodha anakwenda Maskati, naye yuko mbali nje ya pwani. Kila usiku anapima. Nyota inapanda, inapanda. Usiku mmoja inalingana na fundo la Maskati. Basi anageuza usukani kuelekea magharibi, na kuifuata njia hiyo mpaka aone milima. Hana haja ya ramani. Bandari yake ameifunga katika uzi.

Mabaharia hao walihesabu kwa vidole pia. Ukinyoosha mkono mbele yako, upana wa kidole kimoja unaziba sehemu ndogo ya mbingu. Kipimo hicho kiliitwa isba, yaani kidole. Kilikuwa zaidi kidogo ya digrii moja na nusu.

3. Elimu inayoazimwa

Aprili 1498, Mreno Vasco da Gama alifika Malindi na meli zake. Alitaka kwenda Bara Hindi, lakini njia ya kuvuka bahari hakuijua. Mfalme wa Malindi alimpa mwongozaji. Wareno waliandika jina lake Malemo Cana. Bila shaka unaliona neno mwalimu ndani yake. Watu wengine wamesema mtu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid mwenyewe, lakini wataalamu wengi wa historia leo hawakubali. Wengi wanadhani alikuwa mtu wa Gujarati, Bara Hindi.

Meli ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili. Baada ya siku kama 23 waliiona pwani ya Bara Hindi. Mwongozaji alijua kazi yake.

Lakini tutazame kilichofuata. Mwaka 1505, miaka 7 tu baadaye, meli za Wareno zilirudi na mizinga. Zilipiga na kupora Kilwa, kisha Mombasa. Njia ya bahari ilikuwa ile ile, na nyota zilikuwa zile zile. Elimu ni kama jembe. Linalima shamba la mwenye haki na shamba la mnyang'anyi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Tunajua nini?" Tuulize pia, "Nani atautumia ujuzi huu, na kwa faida ya nani?"

4. Jua na saa

Nyota ya Kaskazini inatuambia tuko kaskazini kiasi gani. Lakini haituambii tuko mashariki au magharibi kiasi gani. Tatizo hili lilisumbua mabaharia wa dunia nzima. Mwaka 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba karibu na kwao kwa sababu viongozi wake hawakujua walipo. Watu zaidi ya 1,000 walikufa. Mwaka 1714 serikali yao ikaahidi zawadi kubwa kwa atakayepata dawa ya tatizo hilo.

Dawa ilikuwa saa. Dunia inajizungusha digrii 15 kila saa moja, yaani digrii moja kwa dakika 4. Ndiyo maana jua huwafikia watu wa mashariki kwanza.

Chukua mfano wa kwetu. Dar es Salaam iko mashariki yetu kwa digrii 6 na nusu hivi. Zidisha mara dakika 4. Utapata dakika 26. Basi jua linapofika katikati ya mbingu Dar es Salaam, sisi wa Kharumwa tunangoja dakika 26 hivi ndipo lifike katikati ya mbingu yetu. Saa ya redio ni moja kwa nchi nzima, lakini jua halifuati redio.

Baharia akiwa na saa nzuri inayoshika wakati wa bandari aliyotoka, anaweza kuulinganisha na wakati wa jua mahali alipo. Tofauti ya dakika 4 ni digrii moja. Lakini saa ikikosea dakika 4, naye amekosea digrii moja. Kwenye ikweta hizo ni kilomita 111. Ni umbali wa kutosha kugonga mwamba usiku. Aliyetengeneza saa ya kuaminika baharini alikuwa John Harrison, fundi seremala wa Uingereza. Saa yake ilijaribiwa katika safari ndefu ya mwaka 1761 na 1762, ikafaulu. Fundi wa mbao alilitatua tatizo lililowashinda wasomi wengi.

5. Tufanye wenyewe

Sasa toka nje na daftari lako. Kharumwa iko kusini ya ikweta kwa digrii 3 na kidogo. Ikweta iko kaskazini yetu kwa kilomita kama 350. Ukienda moja kwa moja utaikuta ndani ya Ziwa Viktoria, karibu na Entebbe. Kwa sababu sisi tuko kusini ya ikweta, Nyota ya Kaskazini hatuioni. Imefichwa na ardhi. Lakini tunazo alama nyingine.

Zoezi la kwanza: Kijiti cha mchana.
Simika kijiti kilichonyooka, chenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi tambarare. Anza saa 6 na nusu mchana. Kila baada ya dakika 5 weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Endelea mpaka saa 7 na robo. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho kinachoonyesha kaskazini na kusini sawasawa. Mwezi Juni kivuli hicho kitaanguka upande wa kusini, nacho kitakuwa na urefu wa sentimeta 50 hivi. Mwezi Desemba kitaanguka kaskazini, sentimeta 37 hivi. Karibu na tarehe 12 Machi na tarehe 1 Oktoba utashangaa, maana kivuli kitakuwa karibu hakipo. Siku hizo jua liko utosini kabisa.
Angalia! Tazama kivuli, usitazame jua. Jua linapofusha.

Zoezi la pili: Nyota tatu.
Kuanzia Desemba mpaka Aprili, jioni, tafuta nyota tatu ng'avu zilizopangana mstari mmoja, karibu karibu. Zinachomoza mashariki sawasawa na kuzama magharibi sawasawa. Mwishoni mwa Oktoba zinachomoza kwenye saa 4 usiku. Kila siku nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana. Kwa mwezi mmoja inakuwa saa 2 nzima. Ndiyo maana nyota ni kalenda pia. Kilimia, kile kifungu cha nyota ndogo ndogo, kilipewa jina hilo kwa sababu ya kulima. Wazee walikitazama kabla ya kushika jembe.

Zoezi la tatu: Msalaba wa Kusini.
Kuanzia Machi mpaka Agosti, tazama upande wa kusini. Utaona nyota nne zilizokaa kama msalaba. Mwezi Mei na Juni, kati ya saa 2 na saa 4 usiku, msalaba husimama wima. Ukiteremsha jicho lako kutoka kwenye mguu wa msalaba moja kwa moja mpaka ardhini, hapo ndipo kusini. Msalaba ukiwa umelala upande, pima urefu wake kutoka kichwani mpaka mguuni. Endeleza mstari huo kupita mguuni mara nne na nusu. Mahali unapofika ni karibu kabisa na ardhi, na ndipo kusini.
Jihadhari. Kuna msalaba wa uongo karibu yake. Msalaba wa kweli unafuatwa na nyota mbili ng'avu sana upande wa mashariki. Usipoziona hizo mbili, umeshika msalaba mwingine.

Zoezi la nne: Kibao.
Chukua rula na uzi wa sentimeta 57. Funga ncha moja ya uzi katikati ya rula. Shika ncha nyingine karibu na jicho, unyooshe rula mbele yako mpaka uzi ukaze. Sasa kila sentimeta 1 ya rula ni digrii 1 ya mbingu. Pima urefu wa Msalaba wa Kusini kutoka kichwa mpaka mguu. Ukipata sentimeta 6 hivi, umefanya vizuri. Asiye na rula atumie ngumi. Ngumi moja kwenye mkono ulionyooshwa ni digrii 10 hivi. Nyota iliyo juu mashariki hupanda ngumi moja na nusu kwa saa moja. Kwa hiyo unaweza kukisia saa bila kuwa na saa.

Usitegemee kufaulu usiku wa kwanza. Mabaharia walifanya mazoezi kwa miaka mingi tangu ujana wao, tena juu ya chombo kinachoyumba. Rudia kila usiku usio na mawingu. Andika tarehe, saa na ulichoona. Baada ya mwezi mmoja, linganisha.

6. Faida kwa mtu wa bara

Huenda unasema, "Mimi ni mkulima wa pamba. Bahari siioni mpaka nife. Nyota za nini?"

Hebu tufikiri. Ndugu zetu wa mwambao wa Geita huvua dagaa ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa sababu dagaa hufuata taa. Ziwa Viktoria ni pana. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, nao unaweza kuusukuma mtumbwi mbali na pwani. Mtu aliyetoka mwambao wa Geita kuelekea kaskazini lazima arudi kusini. Injini ikizima na taa za pwani zisipoonekana, Msalaba wa Kusini unamwambia apige kasia upande gani. Kupiga kasia usiku kucha kuelekea upande usiofaa ni hatari kubwa.

Mchungaji anayetafuta ng'ombe waliopotea porini naye anahitaji kujua upande. Lakini tuseme kweli. Nyota inaonyesha upande, haionyeshi shimo. Katika sehemu zetu za dhahabu kuna mashimo ya zamani ambayo hayakufukiwa. Usiache njia usiku kwa kutegemea nyota peke yake. Chukua taa, na kama huna, ngoja mapambazuko.

Siku hizi simu na vyombo vya setilaiti humwonyesha mtu alipo mara moja. Ni vizuri. Lakini betri huisha, na chombo huharibika kikiingia maji. Hata mataifa makubwa yanajua hivyo. Chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani kiliacha kufundisha njia ya nyota, halafu mwaka 2015 kikaanza tena. Na mwaka 1980, Mwingereza Tim Severin alisafiri kutoka Omani mpaka China kwa jahazi lililoshonwa kwa kamba za mnazi bila misumari. Safari ilichukua zaidi ya miezi 7. Njiani alijaribu kupima nyota kwa kibao na uzi, akaona kwamba kipimo kile cha wazee bado kinafaa.

7. Andika kabla haijapotea

Tunamjua Ahmad ibn Majid leo, zaidi ya miaka 500 baada yake, kwa sababu aliandika. Walikuwapo walimu wengine wengi wa majahazi, na bila shaka wengine walikuwa hodari kama yeye. Ujuzi wa wale ambao hawakuandika, wala hawakuandikiwa, ulizikwa pamoja nao.

Katika kijiji chako wamo wazee wanaojua nyota za mvua, nyota za kulima, na nyota za alfajiri. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Kazi hiyo ni yako.

Maneno mapya
Digrii: kipimo cha pembe. Mzunguko mzima una digrii 360.
Ikweta: mstari wa kufikirika unaoigawa dunia nusu mbili, kaskazini na kusini.
Kusi: upepo wa kutoka kusini.
Kaskazi: upepo wa kutoka kaskazini.
Nahodha: mkuu wa jahazi.

Maswali
1. Kwa nini mtu aliye Kharumwa hawezi kuiona Nyota ya Kaskazini?
2. Mafundo ya uzi wa kamal yalikuwa na kazi gani?
3. Nahodha anapima Nyota ya Kaskazini na kupata digrii 10. Usiku mwingine anapata digrii 12. Amesafiri kilomita ngapi kuelekea kaskazini?
4. Utautambuaje Msalaba wa Kusini wa kweli?
5. Ni kitu gani ambacho nyota haziwezi kumwonyesha mtu anayetembea usiku?

Kazi ya kundi
Kila mwanakisomo amwendee mzee mmoja, mwanamume au mwanamke. Amwulize majina ya nyota kwa Kisukuma, Kisumbwa, Kizinza au lugha nyingine ya nyumbani. Aulize pia nyota hiyo huonekana mwezi gani, na watu walifanya kazi gani walipoiona. Aandike majibu katika daftari, pamoja na jina la mzee aliyemweleza. Siku ya somo lijalo kila mmoja asome mbele ya wenzake.